Mvumo Mzito wa Usiku: Kelele za Masafa ya Chini na Madhara Yake

Malalamiko ya aina hii huwafikia wataalamu wa kelele kwa sura ileile: mkazi anasema nyumba yake inavuma usiku kucha, mpimaji anakwenda na kifaa chake, kifaa kinaonyesha desibeli zisizozidi kiwango, na mkazi anaambiwa hakuna tatizo. Huenda mkazi ndiye aliye sahihi.

Kelele za masafa ya chini ni zile ambazo mawimbi yake hutetema kati ya mara 20 na 200 hivi kwa sekunde, yaani hezi 20 hadi 200. Vipimo vya kawaida huichuja sauti kwa kichujio kiitwacho A, ambacho kwenye hezi 50 hupunguza takriban desibeli 30. Kwa hiyo mvumo wa desibeli 60 huandikwa kuwa 30, kiwango kilekile ambacho mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 ulikiweka kwa chumba cha kulala, ilhali sikio lenye afya huanza kuyasikia masafa hayo kwenye desibeli 44 hivi zisizochujwa. Mwongozo huo wenyewe ulitahadharisha juu ya jambo hili: ulishauri kupima pia kwa kichujio C, ambacho hakipunguzi sana sauti nzito, na tofauti kati ya C na A ikizidi desibeli 10, masafa yachambuliwe moja moja.

Vyanzo ni vingi na vya kawaida: pampu, kompresa, feni kubwa, viyoyozi, malori yaliyosimama huku injini zikiunguruma, spika za besi. Jenereta ya dizeli yenye silinda nne, inayozunguka mara 1500 kwa dakika, kwa kawaida huunguza mafuta mara mbili katika kila mzunguko, nayo ni mapigo 50 kwa sekunde. Katika transfoma, chuma cha ndani hutanuka na kunywea kidogo mno mara mbili kwa kila mzunguko wa umeme, hivyo umeme wa hezi 50 huzaa mvumo wa hezi 100.

Wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7. Ukuta unaozuia mazungumzo ya jirani huliachia sehemu kubwa lipite, na likishaingia ndani hugonga kuta na kurudi, likajiongeza nguvu penye kona na kupungua kwingineko. Ndiyo maana mtu aliyelala kitanda kikiwa kimeegemea ukuta husumbuka, na mgeni aliyesimama katikati ya chumba hasikii kitu.

Madhara yaliyo wazi zaidi ni kero, usingizi wa mang'amung'amu, uchovu na kushindwa kumakinika. Wengine hueleza maumivu ya kichwa au mgandamizo masikioni. Hata hivyo, si kila mvumo unaosikika una mashine nyuma yake. Katika mji wa Kokomo, jimbo la Indiana nchini Marekani, uchunguzi wa mwaka 2003 ulibaini sauti za hezi 36 na hezi 10 kutoka mitambo ya viwandani. Mitambo ilirekebishwa, lakini baadhi ya wakazi waliendelea kulalamika. Mvumo ukimfuata mtu popote aendapo, hata mahali tulivu mbali na nyumbani, amwone daktari wa masikio.

Vizibo vya masikio na mapazia mazito havisaidii sana, kwa sababu huondoa sauti nyembamba na kuuacha mvumo peke yake. Tiba hupatikana kwenye chanzo: mashine iwekwe juu ya springi au mpira unaolingana na uzito wake, bomba la moshi lifungwe kizuia sauti kilichotengenezwa kwa masafa husika, feni isawazishwe. Kabla ya kulalamika, mkazi azime swichi kuu ya umeme nyumbani kwake, maana wakati mwingine mkosaji ni friji yake mwenyewe. Mvumo ukibaki, aandike saa unapoanza na unapokoma, kisha aombe kwa maandishi kwamba upimaji ufanyike usiku, pale anapolaza kichwa, na kwa uchambuzi wa masafa.