Je, wajua kwa nini upepo hukopa dakika tano ukalipa tatu?

Barabara ya Malindi kwenda Gede ni tambarare. Ukishauacha uwanja wa ndege nyuma, mbele yako ni lami, minazi, miembe na mikorosho, wala hakuna kilima cha kukutisha. Mtu anayetaka kujua kasi yake kwa baiskeli atasema hapa ndipo: unakwenda kilomita kumi, unageuza kabla hata hujafika Gede, unarudi ulipoanzia, mwenzako anasimamisha saa. Na ikiwa ni Julai na kusi inavuma, atajipa moyo kwamba upepo utamkaba akienda na kumsukuma akirudi, kwa hiyo ni ngoma droo.

Si droo. Karibu kila anayejiunga nasi wapanda baiskeli wa Malindi kupimwa muda Jumapili alfajiri hushangaa akionyeshwa saa, akauliza: nimeukabili upepo nusu ya njia, umenibeba nusu ya njia, mbona nimechelewa?

Tumchukue mtu anayekwenda kilomita 30 kwa saa siku ambayo hata jani la mnazi halitikisiki. Kilomita 20 zitamchukua dakika 40, yaani 20 kwenda na 20 kurudi. Sasa kusi imeamka. Inampunguzia kilomita 6 kwa saa akienda, inamwongezea 6 zilezile akirudi. Kwenda, kwa mwendo wa 24, kilomita kumi zitamla dakika 25. Kurudi, kwa mwendo wa 36, atatumia dakika 16 na sekunde 40. Jumla ni dakika 41 na sekunde 40. Upepo umemkopa dakika 5, ukamlipa 3 na sekunde 20.

Sababu ni kwamba umbali wa kwenda na wa kurudi ni sawa, lakini muda si sawa. Upepo wa mbele ulikaa naye dakika 25 ukimnyonya. Upepo wa nyuma ulipata dakika 16 na kidogo tu za kumsaidia, kwa sababu msaada wenyewe ndio uliomfikisha haraka. Ukiona hesabu hiyo haijakuingia, ikuze. Sema upepo ni mkali hata mtu huyo anakwenda kwa kilomita 15 kwa saa. Atafika mgeukoni dakika ya 40. Muda wote wa safari ya siku tulivu umekwisha, naye ndiyo kwanza anageuza. Hata kama upepo ungemtupa mpaka Malindi kufumba na kufumbua, hawezi tena kuwa sawa.

Kwetu Malindi kuna jambo la pili. Barabara ile haielekei kusini moja kwa moja, inakwenda upande wa kusini-magharibi. Kwa hiyo kusi haikupigi usoni tu, inakupiga pia ubavuni kwa mkono wa kushoto. Na upepo wa ubavuni hukuchelewesha kwenda na kurudi, maana unaongeza hewa inayokupita mwilini bila kukusukuma mbele. Wengi hawaamini hili mpaka wapande siku mbili tofauti wakajionea.

Mbio za namna hii, tuziitazo mbio za saa, ambapo kila mtu huachiliwa peke yake, mara nyingi kwa kupishana dakika moja, na mshindi akawa yule mwenye muda mfupi zaidi, zina historia ndefu kule Uingereza. Mwishoni mwa karne ya 19 wakuu wa mchezo walikataza mashindano ya makundi katika barabara za umma, kwa kuhofia polisi na malalamiko ya watu. Mwaka 1895 Frederick Bidlake akaandaa mbio za maili 50 ambazo wapandaji waliachiliwa mmoja mmoja, ili anayewaona asijue kama ni mashindano. Kwa miaka mingi baadaye walianza alfajiri, wamevaa nguo nyeusi, na njia zao wakaziita kwa herufi na nambari kama watu wanaoficha siri.

Katika mbio hizo nampenda zaidi Beryl Burton, mwanamke wa Uingereza. Mwaka 1967, katika mbio za saa 12, ambazo mshindi ni anayekwenda mbali zaidi ndani ya muda huo, wanaume walitangulia kuachiliwa na yeye akawafuata. Akawapita mmoja mmoja mpaka akamfikia Mike McNamara, aliyekuwa mwenyewe yuko njiani kuvunja rekodi ya wanaume siku hiyohiyo. Burton alipomfikia alimpa peremende, akaendelea. Alimaliza na maili 277.25, karibu kilomita 446, umbali ambao hakuna mwanamume aliyekuwa ameufikia kabla yake. Kila binti anayeniuliza kama mchezo huu ni wa wanaume ninamsimulia habari hiyo.

Turudi kwenye upepo, kwa sababu hata siku ambayo haupo, upo. Ukipanda baiskeli kwa kasi unautengeneza mwenyewe. Ukishavuka kilomita 30 kwa saa katika barabara tambarare, sehemu kubwa kabisa ya nguvu zako haiendi kwenye tairi wala cheni, inakwenda kuipasua hewa. Na hewa hulipisha vikali: ukizidisha mwendo mara mbili, inakuzuia mara nne, na nguvu unayopaswa kuitoa ni mara nane. Ndiyo maana kutoka kilomita 20 kwenda 25 kwa saa kila mtu anaweza, lakini kutoka 35 kwenda 40 watu hulia.

Katika kundi unaweza kujificha nyuma ya mgongo wa mwenzio akakukingia. Katika mbio za saa hilo limekatazwa. Uko wewe na hewa. Na kinachoizuia hewa zaidi si baiskeli, ni mwili wako. Takriban robo tatu ya kizuizi chote ni wewe mwenyewe, kichwa, mabega na kifua.

Hili nilifundishwa na mzee mmoja mgema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupimwa. Rafiki yangu alinishikia kiti, mwingine akahesabu tano, nne, tatu, na mimi nikatoka kama niliyefukuzwa na nyuki. Kilomita tano za kwanza nilizipita kwa dakika 9 na nusu, kusi ikiwa mbele yangu, nikajiona bingwa. Kilomita tano zilizofuata zilinichukua dakika 15. Mapaja yalikuwa yanawaka, mate yamekuwa mazito mdomoni, na nikaanza kusikia cheni kavu ikilia nyuma yangu, nywi, nywi, nywi. Alikuwa mzee juu ya baiskeli nzito nyeusi, ile tuiitayo Black Mamba, madumu mawili yamefungwa kwa mpira nyuma. Viganja vyake havikuwa kwenye mishikio, vilikaa katikati ya usukani. Viwiko vimebana mbavu, kidevu kiko chini karibu na vidole. Hakuwa na haraka hata kidogo.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia nikihema.

"Marahaba. Mbona waupigia upepo kifua, mwanangu? Kifua ni tanga hicho."

Akanipita. Mimi nilimaliza kwa dakika 46.

Alilosema mzee yule ndilo lililoamua Tour de France, mbio za siku nyingi za kuizunguka Ufaransa, mwaka 1989. Siku ya mwisho ilikuwa mbio za saa, kilomita 24.5 kutoka Versailles hadi Paris, na Greg LeMond wa Marekani alikuwa nyuma ya Laurent Fignon wa Ufaransa kwa sekunde 50. LeMond alifunga vishikio vya mbele vinavyomfanya mtu alaze mikono na kubana viwiko, akavaa helmeti iliyochongoka nyuma. Fignon alitumia usukani wa kawaida wa mbio za saa, kichwa wazi, nywele zimefungwa mkia. Baada ya kuzunguka Ufaransa zaidi ya kilomita 3,000, LeMond alishinda kwa sekunde 8. Miguu yake ilikuwa mizuri, hilo halina ubishi, lakini sekunde 8 ni chache mno kwa mtu kusema mkao haukuhusika.

Kwa hiyo anayeanza asikimbilie duka. Chukua baiskeli uliyo nayo. Jaza tairi vizuri, maana tairi lililolegea hula nguvu kimyakimya. Tia mafuta kwenye cheni. Kagua breki zote mbili. Kiti kiwe juu kiasi kwamba kanyagio likifika chini kabisa goti limepinda kidogo tu. Vua ile fulana inayopepea, vaa inayokubana. Halafu jifunze kukunja viwiko na kushusha kichwa bila kuacha kuitazama barabara. Hili la mwisho usilichukulie kwa wepesi: mtu anayetazama gurudumu lake la mbele hawezi kuliona lori. Na kama breki ziko kwenye mishikio, ukiona gari, mbuzi au mtoto, mikono irudi huko mara moja.

Kosa langu lingine siku ile lilikuwa kutoka kwa nguvu zote. Dakika mbili za mwanzo miguu hudanganya. Misuli ina akiba ndogo ya nguvu isiyongojea hewa ya mapafu, nayo hukufanya uone kazi ni nyepesi. Akiba ikiisha, deni linaanza kudaiwa na unalilipa njia nzima. Sasa tunawaambia wageni: pasha misuli moto robo saa kabla ya kuanza, kisha kilomita mbili za kwanza uziendee kwa kujizuia, hata ukiona aibu. Ukifika nusu ya njia bado unaweza kutamka sentensi fupi, uko sawa. Kilomita mbili za mwisho ndipo usibakize kitu.

Lakini kujizuia hakumaanishi kutumia nguvu sawasawa njia nzima. Kumbuka hesabu ya mwanzo. Yule aliyekwenda kwa 24 akijikaza afike 25, kilomita zake kumi zinashuka kutoka dakika 25 hadi 24, amepata dakika nzima. Akirudi na upepo, akijikaza kutoka 36 hadi 37, anapata sekunde 27 tu, tena hewa ya mwendo ule humdai nguvu nyingi. Basi nguvu ya ziada kidogo iwekwe pale upepo unapokukaba. Moyo wa mtu hutaka kinyume chake, kuvumilia tu akienda na kufurahia kasi akirudi. Nimeona vijana wenye miguu bora kuliko yangu wakishindwa kwa sababu hiyo moja.

Tunaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumapili. Jua halijawa kali, magari ni machache, na upepo wa baharini, ambao mchana hujiongeza juu ya kusi au kaskazi, bado haujapata nguvu. Joto letu lina neema ndogo, hewa ya nyuzi 30 ni nyepesi kuliko ya nyuzi 15 kwa kadiri ya asilimia 5, lakini unyevu wa pwani hulizuia jasho kukauka, likakaa mwilini bila kukupoza, kwa hiyo beba maji hata kama ni kilomita 20. Polisi wanajulishwa kabla. Mgeukoni hakuna anayekata kona katikati ya lami: unatoka kando, unaweka mguu chini, unatazama, unavuka. Kila mtu hupoteza sekunde zilezile, hakuna anayeonewa.

Na usidhani mchezo huu ni wa mbali na sisi. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985 na alijifunza kuendesha chini ya David Kinjah, mwendesha baiskeli wa Kenya. Akashinda medali ya shaba ya mbio za saa katika Olimpiki ya London 2012 na tena Rio 2016. Septemba 2025 mashindano ya dunia yalifika Afrika kwa mara ya kwanza, Kigali, na mbio za saa zikakimbiwa kwenye vilima vya Rwanda.

Daftari letu lina safu tatu: jina, muda, upepo. Safu ya tatu wageni huiona ya mapambo. Juzi msichana wa kidato cha tatu, anayepanda baiskeli ya mtumba ya kaka yake, alimaliza kwa dakika 43, minazi imeinama upande mmoja. Alitupa chupa ya maji chini, macho yamejaa. Mwezi Machi alikuwa amepata 42.

Nikamfunulia ukurasa wa Machi. Mbele ya 42 yake palikuwa pameandikwa: kimya, jani halitikisiki. Akaitazama minazi, akaanza kuhesabu kwa vidole, kwenda kando, kurudi kando. Alichukua muda. Kisha akaomba kalamu, akaandika safu ya tatu mwenyewe.