Hakuna aliyekula magunia yenu manne

"Daktari, swali dogo tu. Wadi yetu ilipata magunia 9. Wewe hapa umeandika 4.8. Hayo mengine manne umeyapeleka wapi?"

Ukumbi ulicheka, nami nikacheka, kisha nikamjibu vibaya mzee aliyeuliza. Ni mara ya nne mwaka huu ninaulizwa swali hilo kwenye mikutano ya magharibi mwa Kenya, na kila mara huja dakika tano kabla ya chai, watu wakiwa wameshaanza kuangalia mlango. Leo niko nyumbani Kisumu, stima imerudi, wala hakuna chai inayonisubiri. Mzee wangu, nisikilize.

Kwa wasiokuwepo: tulikuwa tukijadili majaribio ya chokaa kwenye mahindi. Sehemu kubwa ya udongo wetu huku ina asidi. pH, yaani kipimo cha asidi, ikishuka chini ya 5.5, alumini huyeyuka ikadhuru mizizi, na fosforasi ya ile mbolea ya DAP uliyonunua kwa bei ya kuumiza hushikwa na udongo kabla mahindi hayajaionja. Chokaa, kama ile inayochimbwa Koru, huirekebisha hali hiyo. Hapo hatubishani. Tunabishania ni wapi inalipa. Mkulima huweka chokaa nusu ya kipande, nusu nyingine huiacha, tunavuna, tunapima, tunatoa mavuno ya nusu isiyo na chokaa; kinachobaki ndiyo nyongeza. Namba zote hapa nimezibadilisha ili wadi isijulikane, lakini hesabu unaweza kuirudia mwenyewe kwa kalamu.

Wadi ya mzee ilikuwa na mashamba 3, na wastani wa nyongeza ulikuwa magunia 9 ya kilo 90 kwa ekari. Wastani wa wadi zote ni 3. Tofauti ya shamba na shamba ndani ya wadi moja, yaani sigma, ni magunia 4. Tofauti ya wadi na wadi, yaani tau, ni 1.5. Basi ushahidi wa mashamba 3 una variansi (mraba wa tofauti) ya 16 gawanya kwa 3, yaani 5.33, na tofauti halisi kati ya wadi ina variansi ya 2.25. Uzito wa data ya wadi yenyewe ni 2.25 gawanya kwa 7.58, karibu 0.3. Chukua 3, ongeza 0.3 ya ile ziada ya 6. Unapata 4.8.

Sasa lile linalonikera. Watu wanaamini hesabu hii, yaani modeli ya ngazi (kila wadi huvutwa kuelekea wastani wa wote), "imebadilisha data". Wengine wanasema imewaadhibu waliofanya vizuri ili kuwapa waliofanya vibaya, kama mgao wa basari. Ile 9 ipo. Iko kwenye faili, haijaguswa, na wakulima wale watatu waliyala mahindi yao. Nikiulizwa mashamba yale yalizidisha magunia mangapi msimu ule, nitajibu 9 bila kupepesa. Lakini mezani hatukuulizwa hivyo. Tuliulizwa kama lori la chokaa liende kwenye wadi ile, kwa mamia ya mashamba ambayo hakuna aliyeyapima, msimu ambao mvua yake bado haijanyesha. Kujibu swali la pili kwa namba ya swali la kwanza ndiko kudanganya kwenyewe, ingawa kunaonekana uaminifu.

Ukitaka kuona ninachosema, panga wadi kuanzia ya juu hadi ya chini kwa wastani mtupu. Juu kabisa utakuta wadi zenye mashamba mawili, matatu. Watu hupiga makofi hapo na kuacha kusoma. Shuka hadi mkiani: utakutana na wadi nyingine zenye mashamba mawili, matatu. Zile zenye mashamba 40 zimekaa katikati, kimya. Orodha hiyo inakuonyesha zaidi ni nani alipimwa kidogo kuliko ni udongo wa nani unaopenda chokaa. Kulikuwa na wadi ya mashamba 3 iliyopata hasi 2, yaani chokaa "ilipunguza" mavuno. Modeli ileile iliipandisha hadi 1.5. Hakuna hata mtu mmoja kutoka wadi hiyo aliyesimama kuniuliza nimeyatoa wapi magunia 3.5.

Anayeelewa jambo hili bila kufundishwa ni mnunuzi wa nafaka pale Kibuye. Lori limetoka Bungoma, yeye anachoma gunia moja kwa bambo, kile chuma cha kuchotea punje, zinatoka punje zilizooza. Je, analihukumu gunia zima? Anakumbuka magunia 30 aliyochoma kwenye lori hilohilo yakawa safi, anakunja uso, anachoma tena. Na likiwa la kwanza kuchomwa, lori lote ataliangalia kwa jicho baya. Gunia linamwambia habari za lori, na lori linamwambia habari za gunia. Hiyo ndiyo modeli ya ngazi. Tofauti ni kwamba yeye halipwi posho ya kuieleza.

Kuhusu kompyuta sina mengi, na haya ni ya wanaoendesha modeli wenyewe. Programu ya Stan, minyororo minne (hesabu ileile ikiendeshwa mara nne), R-hat, kipimo cha kama minyororo inakubaliana, chini ya 1.01. Tau ikikaribia sifuri minyororo hukwama kwenye shingo ya faneli, kwa hiyo andika athari ya wadi kama tau mara namba sanifu na uendelee na maisha.

Mzee, hili nalo sikukuambia ukumbini: huenda wadi yako ni 9 kweli. Mwaka 1956 Charles Stein alionyesha kwamba ukikadiria wastani wa makundi 3 au zaidi kwa pamoja, kuliacha kila kundi lijisimamie si njia bora, na mwaka 1961 yeye na Willard James wakatoa fomula inayoishinda. Lakini ahadi yao ni ya jumla ya makosa ya makundi yote. Haisemi kila kundi litakaribia ukweli zaidi. Wadi ya ajabu kweli, yenye udongo usiofanana na wa jirani, itavutwa kuelekea wastani na kuumia ili hesabu ya wote iwe bora. Mimi ninayekadiria wadi zote ninafaidika. Wewe unayeishi katika moja una haki ya kununa. Dawa ni kuingiza pH kwenye modeli, ili wadi ya pH 4.6 ivutwe kuelekea wadi za udongo kama wake, na si kuelekea kila mtu. Sikuwa na pH ya wadi yako. Hilo ni kosa letu.

Kuna kosa la pili, la kwangu mwenyewe. Tau ile ya 1.5 nimeiandika kama iliyochongwa kwenye jiwe. Ikiwa kweli ni 3, uzito wako unapanda hadi 0.63 na makadirio yako yanakuwa 6.8. Magunia mawili mazima yanategemea namba ambayo hakuna aliyeipima shambani! Ndiyo maana tau hupewa priori, yaani makisio ya kabla ya data, na kuachwa itawanyike badala ya kushikiliwa. Na mtu akiniletea kaunti tano badala ya wadi nyingi, ninajua kwamba data itasema kidogo mno kuhusu tau, na priori yangu ndiyo itakayozungumza. Nikiulizwa niliichaguaje, huwa ninanyamaza kuliko inavyompasa mtu mwenye shahada.

Tuje kwenye uamuzi. Kulikuwa na wadi nyingine, mashamba 40, wastani 5. Yenyewe modeli imeisogeza kidogo tu, hadi 4.7. Mzee, yako ni 4.8. Ukiangalia namba hizo pekee, yako inashinda. Lakini posteria yako, yaani makadirio ya baada ya data, ina mkengeuko wa 1.26, yao 0.58. Tuseme chokaa, lori, vibarua na riba vinagharimu magunia 4 kwa ekari. Uwezekano kwamba wastani wa wadi yako uko chini ya gharama ni karibu 27 kwa 100. Wao, karibu 12. Aliye na lori moja na hofu ya mkaguzi atalipeleka kwao, na simlaumu.

Ila hapo maafisa wengi huchanganya mambo, nami nimewahi kuchanganya. Hizo 27 na 12 ni hatari za kaunti. Mkulima havuni wastani wa wadi, anavuna shamba lake, na juu ya ile 1.26 anabeba sigma nzima ya magunia 4. Uwezekano wa yeye kupata hasara ni kama 43 kwa 100, katika wadi zote mbili! Mashamba 40 yamemsaidia mwenye lori na hayajamsaidia hata kidogo mama mwenye nusu ekari anayekopa kwenye chama. Akiniuliza kama akope, sitamsomea namba ya kaunti.

Hata hiyo 43 siiamini sana. Ndani ya sigma kuna tofauti halisi za mashamba, lakini pia kuna mizani mibovu, mahindi mabichi yaliyochomwa kabla ya siku ya kupima, na ng'ombe. Ingekuwa safi, hatari ingeonekana ndogo zaidi. Isitoshe, chokaa haiishi kwa msimu mmoja, kwa hiyo kuitoza gharama yote mara moja ni kuionea.

Kitu ambacho hakuna modeli itakayonitengenezea ni hawa wenyeji wa majaribio, yaani wakulima wanaotupa mashamba: hawafanani na wengine. Mashamba matatu ya mzee yako kando ya barabara. Mawili yana mbolea ya ng'ombe ya miaka mingi. Ningeweza kuongeza ngazi nyingine tano na bado nisingewaona wakulima wa kule bondeni.

Kwa hiyo jibu nililopaswa kutoa ukumbini ni hili: majaribio ya msimu ujao yaende kwenye wadi yako, si kwa wale 40. Shamba la 41 kule halitanifundisha chochote kipya. La nne kwako litanifundisha mengi.

Nilimpigia mzee simu jana kumwambia. Alifurahi, akasema tayari ana wakulima tisa walio tayari. Nikamuuliza nani amewachagua. Akanyamaza kidogo, kisha akacheka. "Chifu, Daktari."

Nimemwomba orodha ya kijiji kizima. Tutapiga kura ya vikaratasi, mbele ya watu, na chifu ndiye atakayeshika kofia.