Chenga za ukumbini hazitibiwi kwa bodi mpya

"Kamera yangu ni ya kuanzia, ndiyo maana picha za ukumbini zina chenga. Nikanunue Canon 5D iliyotumika?"

Swali hili la chenga, yaani vidoadoa kwenye picha, huja na Canon 1300D au 2000D mkononi, na karibu kila mara mbele yake imefungwa lenzi ileile ya 18-55mm iliyotoka nayo kwenye boksi. Tatizo ni hiyo lenzi.

Ukiivuta hadi 55mm haifunguki zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa). Tuseme taa za ukumbi zimepunguzwa na kipimo kinakupa shata ya 1/60 ya sekunde kwa ISO 6400 (ISO ni kiasi cha kukuza mwanga, na ikipanda chenga huongezeka). Ing'oe, funga 50mm f/1.8, kile kilenzi kidogo cha plastiki ambacho watu hukidharau. Mwanga unaoingia unakuwa karibu mara 10, na kwa 1/60 ileile sasa unahitaji ISO 640 tu. Hata hivyo 1/60 haimgandishi mtu anayecheza. Panda hadi 1/200. ISO itagota kama 2000, na picha itakuwa bado safi.

Sasa pima bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Sensa, kipande kinachopokea mwanga, ya 5D ni 36 x 24mm, ya 1300D ni 22.3 x 14.9mm, yaani eneo kubwa mara 2.6. Hiyo ni kama stopu moja na theluthi (kila stopu ni mwanga mara mbili), wakati lenzi imekupa stopu tatu na theluthi kwa sehemu ndogo ya pesa ile. Na muuzaji mara nyingi hasemi kwamba 18-55 yako ni EF-S, aina ya lenzi za sensa ndogo za Canon, haiingii kabisa kwenye 5D wala 6D. Utafika nyumbani na bodi isiyo na lenzi. Nikon ya sensa kubwa huipokea lenzi ya DX, ile ya sensa ndogo, ila huikata picha: megapikseli 24 za D750 zinabaki kama 10.

f/1.8 nayo ina mipaka yake. Ndugu wa bwana harusi wakijipanga safu mbili, wa mbele watatoka makali na wa nyuma ukungu. Kwa kundi rudi f/5.6 na ufunge flashi: kamera kwenye M (unaweka mwenyewe), 1/125, ISO 800, flashi kwenye TTL (inajipimia nguvu yenyewe), kichwa chake kikitazama dari jeupe. Dari likiwa juu sana, panda ISO 1600. Likiwa limefunikwa vitambaa vya zambarau, bibi harusi naye atatoka zambarau, kwa hiyo geuzia kichwa cha flashi kwenye ukuta mweupe.

Kabla ya kulaumu kamera, fungua picha mbovu kwenye kompyuta kwa asilimia 100. Kila kitu kimeburuzika upande mmoja? Mkono ulitikisika. Ukuta uko makali lakini wachezaji wameburuzika? Shata ilikuwa ya polepole. Sikio kali, jicho ukungu? Fokasi ilikosea, na bodi yoyote inaweza kukosea hivyo. Na kama picha ilipigwa giza kisha ikaangazwa baadaye, chenga umezitengeneza mwenyewe: kwenye sensa ya 1300D, ISO 3200 iliyopimwa sawasawa ni safi kuliko ISO 800 iliyovutwa stopu mbili.

Yapo na madai mengine. "Megapikseli 18 hazitoshi kuchapa." A4 ya dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) inahitaji chini ya 9. Kutoka 18 hadi 24, picha inarefuka kwa asilimia 16 tu.

"Shata ikifika mibofyo laki moja kamera imekufa." Hicho ni kiwango ilichokadiriwa na kiwanda, nyingine huvuka mbali. Nikon huandika hesabu ya mibofyo ndani ya faili la picha. Canon nyingi huificha, ndiyo maana hiyo 5D ya mkono wa pili inahitaji macho zaidi kuliko kamera uliyonayo.

"Lenzi yoyote ya Nikon itanifaa." D3500 na D5600 hazina mota ya fokasi ndani ya bodi. 50mm f/1.8D itafunga vizuri kabisa, kisha utazungusha fokasi kwa mkono usiku kucha. Chukua AF-S f/1.8G.

Sababu za kweli za kubadili bodi zipo, ila ni chache. Canon 2000D, 4000D na 250D hazina pini ya katikati pale juu panapokaa flashi, hivyo triga (vifaa vya kuwasha flashi iliyo mbali) za bei rahisi haziwashi kitu. Lakini hata hapo jaribu kwanza triga ya TTL inayotaja modeli yako. Kwa mpira wa miguu, 1300D hupiga picha 3 kwa sekunde na ina pointi 9 za fokasi, ya katikati tu ikiwa ya msalaba, aina inayoshika fokasi vizuri zaidi. 7D Mark II hupiga 10 na ina pointi 65, tofauti utakayoiona siku hiyohiyo.

Na kama unalipwa kupiga harusi, unahitaji nafasi mbili za kadi. 1300D ina moja, 5D Mark III inachukua kadi za aina mbili, CF na SD. Ukiinunua, ingia kwenye menyu uhakikishe inaandika kadi zote mbili kwa pamoja. Wengi huiacha ikiandika moja.