Kondoo wa Kennington

Sisi tunaohariri filamu, kichekesho kikija mezani tunauliza kwanza kamera ikae wapi. Mzee akitumbukia mtaroni huku ameshikilia kofia isidondoke, nawe uko ng'ambo ya barabara, utacheka. Msogelee umwone usoni, kicheko kinakukauka.

Charlie Chaplin, mchekeshaji wa filamu, aliyajua haya kabla hajaigusa kamera. Katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1964 anakumbuka utoto wake Kennington, kusini mwa London, mtaa wenye machinjio. Siku moja kondoo alichoropoka. Watu wakamkimbiza, huyu anamkosa, yule anaanguka, na Charlie anacheka na wenzake. Kondoo akakamatwa, akarudishwa. Hapo mtoto akamkimbilia mama yake analia: watamuua! Chaplin anasema huenda filamu zake zilichipuka hapo.

Huyo mama, Hannah, mwimbaji wa jukwaani, baadaye alilazwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Baba alikufa kwa ulevi mwaka 1901. Charlie alipelekwa kwenye nyumba ya mafukara akiwa na miaka 7. Njaa hakuisoma vitabuni.

Ndiyo maana kile kiatu cha mwaka 1925, katika The Gold Rush, bado kinanichekesha. Wachimba dhahabu wawili wamezingirwa na theluji, chakula kimekwisha, wanachemsha kiatu. Chaplin anaila ile kamba kama tambi, anafyonza misumari kama mifupa ya kuku. (Kiatu chenyewe kilitengenezwa kwa peremende ya susi, kitamu.) Kinachochekesha ni adabu ya mezani. Mtu anakaribia kufa, lakini haonyeshi pupa. Wazo alilitoa kwa wahamiaji waliokwama milimani California mwaka 1846, ambao baadhi yao walikula maiti za wenzao.

Mapenzi nayo aliyapima kwa umbali. City Lights ya mwaka 1931 aliifanya bila mazungumzo, wakati filamu za sauti zimeshatapakaa. Muuza maua kipofu anadhani mfadhili wake ni tajiri, kumbe ni mzururaji fukara, Chaplin mwenyewe. Macho yanapopona, anamwona mzururaji kupitia kioo cha duka lake na kumcheka. Kisha anatoka, anamtilia sarafu kiganjani, na kiganja anakitambua. Kamera imesogea hapo, na humo ukumbini hakuna anayecheka tena. Nimeikagua sehemu hiyo mara nyingi. Sioni pa kukata.

Alikufa siku ya Krismasi 1977, Uswisi. Machi iliyofuata mafundi magari wawili wakaiba jeneza lake na kudai fidia kwa simu. Mkewe, Oona, akakataa kulipa. Mwezi Mei polisi walilipata limefukiwa kwenye shamba la mahindi, likazikwa upya, safari hii chini ya zege.

Wale wawili na koleo zao usiku ningewapiga picha kwa mbali sana. Kamera ningeisogeza pale simu inapolia nyumbani kwa mjane.