Kwa nini gari kuukuu huendelea kuvuta kushoto hata baada ya alaimenti?

Wenye magari Mtwara na Lindi wanalijua sana jambo hili. Gari limeanza kuvuta kushoto. Unalipeleka kwenye alaimenti, yaani kupangwa pembe za magurudumu kwa mashine, unalipa, unaambiwa tayari bosi, liko sawa. Ukifika kwenye mnyooko ukalegeza mikono, linaelekea ukingoni vilevile. Hapo lawama humwangukia fundi wa mashine. Mara nyingi fundi huyo hakukosea kitu. Alichokirekebisha sicho kinacholivuta gari.

Magurudumu ya mbele hupangwa kwa pembe tatu. Ya kwanza ni too: ukiyatazama matairi kutoka juu, je, pua zake zimeelekeana ndani au zimeachana? Ya pili ni kemba: ukisimama mbele ya gari, je, tairi limesimama wima, au kwa juu limelalia ndani ama nje? Ya tatu ni kasta, na hiyo huwezi kuiona kwa kutazama tairi. Ni mlalo wa ule mhimili ambao gurudumu huzungukia unapokata kona.

Sasa, kwenye magari mengi madogo tunayoendesha huku, Toyota IST, Vitz, Corolla na wenzake, kiwandani hawakuweka mahali pa kurekebishia kemba wala kasta za mbele. Kinachorekebishika ni too peke yake, kwa kuzungusha tairodi, zile fimbo za chuma zinazounganisha steringi na magurudumu. Kwa hiyo ukiambiwa gari limefanyiwa alaimenti, kwa kawaida maana yake ni kwamba too imepangwa. Na too, hata ikiwa mbovu kabisa, kwa kawaida hailivuti gari upande mmoja. Magurudumu yote mawili yamefungwa kwenye raki moja ya steringi, ile pau ambayo usukani huisukuma kulia na kushoto. Gari likiondoka, hugawana kosa nusu kwa nusu na safari inaendelea. Utakachoona ni usukani uliokaa upande ilhali gari linakwenda sawa, na matairi yanayolika kwenye kingo. Pitisha kiganja juu ya meno ya tairi, kwenda na kurudi: likikwaruza upande mmoja na kuteleza upande mwingine, hiyo ni too. Inakula hela yako ya matairi, lakini haikupeleki kushoto.

Kinachokupeleka kushoto, kama matairi na breki havina kosa, ni tofauti ya kemba au kasta kati ya gurudumu la kulia na la kushoto. Kuielewa kasta, tazama baiskeli. Uma unaoshika gurudumu la mbele haukusimama wima, umelala kidogo kuelekea kwa mwendeshaji. Ukiurefusha mstari wa usukani wake hadi ardhini, utagusa mbele kidogo ya pale tairi linapokanyaga. Tairi basi hufuata nyuma ya mhimili wake, na hiyo ni sababu mojawapo kubwa inayomwezesha kijana kuachia mikono na bado akaenda moja kwa moja. Gari nalo liko hivyohivyo. Kasta ndiyo inayourudisha usukani katikati ukimaliza kona. Upande mmoja ukipungukiwa kasta, gurudumu la upande huo halinyooki kwa nguvu sawa na la pili, na gari huvutwa kuelekea huko. Kemba nayo ina kanuni yake: gari huelekea upande ambao tairi limelalia nje zaidi kwa juu.

Mbona basi ni kushoto, na si kulia? Sehemu ya jibu haihusiani na ubovu wowote. Tanzania tunaendesha kushoto, na lami haijengwi tambarare. Huinuliwa katikati na kushushwa kila upande kwa asilimia 2 hadi 3 ili maji ya mvua yatiririke. Gari zima kabisa, ukiliachia kwenye mteremko huo, litaelekea kushoto polepole. Usimlipe mtu yeyote kabla hujalijaribu mahali palipo sawa: uwanja mpana, au barabara tulivu iliyonyooka ambayo unaweza kuiona yote mbele na nyuma.

Sehemu ya pili ya jibu ni ukingo wa lami. Mashimo mengi huanzia pembeni, pale maji yanapokula udongo chini ya lami, na anayekanyaga pembeni ni gurudumu la kushoto. Anayepishana na lori la mzigo kwenye barabara nyembamba hushusha magurudumu ya kushoto nje ya lami, kisha huyapandisha tena kwa kishindo. Mei 2024 mvua zilizoandamana na kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa, na magari yaliyopita kwenye njia za muda yalikula vishindo vya kutosha. Upande wa Tandahimba na Newala, kwenye uwanda wa Wamakonde, adui ni mwingine: mchanga. Nitaurudia.

Kabla ya kufungua bolti yoyote, kuna mambo matatu yasiyogharimu chochote, na inasikitisha jinsi yanavyorukwa. Pima upepo wa matairi yote yakiwa ya baridi, kwa sababu tairi la mbele lenye upepo mdogo hulivuta gari upande wake. Kisha badilishana matairi mawili ya mbele, la kulia liende kushoto na la kushoto liende kulia, ulijaribu gari tena mahali palepale. Kuvuta kukihamia kulia, kosa liko kwenye tairi lenyewe. Nyuzi za ndani zimelegea au tairi limelika vibaya, na hakuna mashine ya alaimenti itakayolitibu. Tatu, endesha kilomita kadhaa bila kukanyaga breki sana, simama, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Upande mmoja ukiwa na joto kali kuliko mwingine, breki imeng'ang'ania, na hiyo ni hatari zaidi ya kuvuta.

Hayo yote yakiwa sawa, ndipo tunaingia chini ya gari, na hapa ndipo penye siri ya magari ya zamani.

Mashine ya alaimenti hulipima gari likiwa limesimama. Lakini gari lenye bushi zilizochoka, yaani ile mipira iliyo kwenye viungio vya chini ya gari, lina pembe moja likisimama, nyingine likikimbia, na nyingine tena likikanyagiwa breki. Ile bushi kubwa ya nyuma ya amu ya chini, mkono wa chuma unaolishika gurudumu kwa chini, ndiyo hasa inayozuia gurudumu lisirudi nyuma. Mpira wake ukipasuka, kila unapofunga breki gurudumu linarudi nyuma kidogo, kasta inabadilika, too inabadilika, na gari linaruka upande. Ukiachia breki, linarudi mahali pake. Ukilipeleka gari hilo kwenye mashine, vipimo vitasoma vizuri kabisa. Dereva anayesema "likitembea liko sawa, nikifunga breki linanivuta" ameshaelekeza kidole kwenye bushi hiyo au kwenye breki, na fundi anapaswa kumsikiliza kabla ya kufungua chochote.

Namna ya kuangalia ni hii. Inua mbele kwa jeki, weka stendi imara chini ya chasisi, usikubali kuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Shika tairi kulia na kushoto ulitikise. Likicheza, tazama tairodi na kiungo chake cha ndani kwenye raki. Kisha lishike juu na chini. Likicheza hapo, kuna washukiwa wawili, beringi ya gurudumu na boljointi (kiungo cha amu na gurudumu), na kuwatenganisha ni rahisi: mtu akanyage breki huku unaendelea kutikisa. Kucheza kukipotea, beringi ndiyo imekwisha, kwa kuwa breki imelifunga gurudumu na kile chuma kinachobeba habu, yaani kitovu cha gurudumu, viwe kitu kimoja. Kukibaki, ni boljointi. Kwa magari ambayo springi imekaa juu ya amu ya chini, kama pikapu nyingi, jeki iwekwe chini ya amu yenyewe. La sivyo springi huibana boljointi ionekane nzima wakati imekufa.

Kipimo ninachokiamini zaidi kwa tairodi hufanyika gari likiwa chini kwa uzito wake. Injini inawashwa, mtu anauchezesha usukani kidogo tu, kulia kushoto, kulia kushoto, na wewe unaweka vidole juu ya kila kiungo bila kukaribia feni na mikanda. Kiungo kilichochoka utakihisi: upande mmoja unaanza kwenda na wa pili unachelewa.

Sasa mchanga. Boljointi na tairodi ni kichwa cha chuma mviringo kinachozunguka ndani ya kikombe chenye grisi, kikiwa kimefunikwa kwa kifuko cha mpira. Kifuko kikichanika, vumbi la mchanga huchanganyika na grisi, na mchanganyiko huo husaga chuma kila usukani unapozungushwa. Ndiyo maana kwa gari linalokwenda mashambani msimu wa korosho, kuvikagua vifuko hivyo kuna faida kuliko kusubiri mlio. Mlio ukianza, kiungo kimeshaliwa. Na boljointi ikichomoka kabisa, gurudumu hulala na dereva hana tena usukani. Naomba hili lichukuliwe kwa uzito na kila anayebeba abiria kwenye kona za kushuka Newala. Kuna wanaochomelea boljointi iliyolegea ili isogee siku mbili tatu. Joto la kuchomelea huiyeyusha plastiki ya ndani na kuulegeza uimara wa chuma. Huko si kutengeneza.

Kwa spea, ushauri wangu unatofautisha chuma na mpira. Amu ya mtumba iliyonyooka haina ubaya. Bushi iliyomo ndani yake ni jambo jingine, kwa sababu mpira huzeeka hata ukiwa rafuni, na bushi hiyo ina umri wa gari ilikotoka. Bonyeza bushi mpya ndani ya amu hiyo. Bushi za kuchonga kutoka kwenye tairi huonekana imara kwa kuwa ni ngumu, lakini hazijashikamana na chuma cha ndani na nje kama zile za kiwandani, hivyo hazipindi na kurudi, zinasuguana tu.

Na kuna kosa moja la ufungaji linaloua bushi mpya ndani ya muda mfupi: kukaza bolti za amu wakati magurudumu yananing'inia. Mpira wa bushi umegandishwa kwenye chuma cha katikati, na bolti ikikazwa chuma hicho hakizunguki tena. Ukikaza gari likiwa juu, mpira unafungwa katika hali ya kuning'inia. Ukilishusha, unajikunja moja kwa moja na kukaa umekunjwa siku zote, hadi uchanike. Bolti zishikizwe kidogo tu, gari lishushwe likae kwa uzito wake, litikiswe mara kadhaa, ndipo zikazwe. Mtu akikuambia bushi mpya siku hizi hazidumu, muulize alizikaza gari likiwa wapi.

Tairodi nayo ina adabu zake. Kabla ya kuifungua, weka alama kwenye nyuzi au hesabu mizunguko inapotoka, ili mpya iingie karibu na palepale na gari liweze kufika kwenye mashine bila kula matairi njiani. Nati yenye pini ya kufungia isipolingana na tundu, kaza zaidi kidogo, usilegeze. Too ikipangwa, tairodi zote mbili zizungushwe kwa usawa. Anayezungusha moja tu atakurudishia gari lenye usukani uliolala.

Land Cruiser na Land Rover za zamani zenye ekseli nzima mbele zina tabia tofauti kidogo. Hazivuti sana, hutetemeka. Ukigonga shimo katika mwendo fulani, usukani unaanza kupiga mikononi na hautulii mpaka upunguze mwendo. Hutokana na beringi za kingipini (pini ambayo gurudumu huzungukia likikata kona) zilizolegea, bushi, tairodi au tairi lisilo na balansi, mara nyingi vikisaidiana. Shokapu ya steringi ikibadilishwa peke yake hutuliza mtetemo kwa muda, na huku kinachouleta kinaendelea kulika.

Baada ya viungo vyote kukazwa na kutocheza tena, ndipo alaimenti ina maana. Omba uonyeshwe namba za kabla na za baada, na usitazame too pekee. Tazama kemba na kasta, kulia dhidi ya kushoto. Zikipishana kwa zaidi ya nusu digrii hivi, na gari lako halina mahali pa kuzirekebishia, kuna kitu kimepinda: amu, shokapu, au kile chuma kinachobeba habu. Pima kwa futi kutoka boljointi hadi tundu la bolti ya bushi, kulia na kushoto. Shimo la ukingoni lililoipinda amu kwa milimita chache litaonekana hapo, na amu hiyo ndiyo ya kubadilisha.