Fuata Njia ya Data Kabla ya Kuandika Programu

Saa kumi na mbili asubuhi, kando ya barabara ya Njoro, karani wa maziwa anapima mtungi, anaandika 12.5 kwenye simu, kisha anamwita mkulima anayefuata. 12.5 nini? Yeye anajua ni kilo. Je, programu iliyoko ofisini Nakuru mjini inajua? Lita 100 za maziwa zina uzito wa kilo 103 hivi. Kilo 103 zikilipwa kama lita 103, chama cha ushirika kimelipia lita tatu ambazo hazikuwako, na pengo hilo hatimaye huzibwa na wakulima wenyewe.

Ndiyo maana nawasihi wanafunzi wangu, na viongozi wa vyama wanaotuomba ushauri, wasianze na sura ya skrini. Waanze na mtiririko wa data. Chora njia nzima: mizani, stakabadhi, daftari la chama, makato ya chakula cha ng'ombe, malipo. Kila kituo kiulizwe kinapokea nini na kinatoa nini. Kituo cha malipo kisiamshwe na saa. Kianze kazi pale kilo na makato yote ya mkulima yameshafika.

Kati ya vituo, data isafiri ikijieleza. XML, lugha ya kuandikia data iliyoidhinishwa Februari 1998 na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, huizungushia kila taarifa lebo:

<uzito kipimo="kilo">12.5</uzito>

Skima, yaani kanuni za jinsi waraka unavyopaswa kuwa, nayo huweka masharti: uzito usiwe hasi, tarehe iandikwe 2025-04-03, kwani 03/04 mmoja ataisoma Aprili na mwingine Machi. Wengi siku hizi hupenda JSON, mtindo mwingine wa kuandika data, kwa wepesi wake, nami sina ugomvi nao. Lakini penye jasho la watu napenda ukali wa XML: lebo moja isipofungwa, waraka mzima unakataliwa.

Huduma ya wavuti ni dirisha la kupokelea waraka huo, hata kama programu mbili zimeandikwa kwa lugha tofauti.

Tatizo kubwa ni mtandao kukatika. Karani anatuma, haoni jibu, anatuma tena. Nimewahi kuona daftari ambamo maziwa ya asubuhi moja yaliandikwa mara tatu. Kwa hiyo kila waraka upewe namba yake pekee, na itolewe na simu kabla ya kutuma. Seva, yaani kompyuta inayopokea waraka, ikiiona namba hiyo tena, irudishe jibu lilelile la mwanzo bila kuongeza hata kilo moja.