Acheni Kuniuliza "Ina GB Ngapi?": Dhana Potofu Kuhusu Kadi za Grafiki za Zamani

Juzi kijana wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) kaniletea dekstopu yake, kaifunga nyuma ya bodaboda kwa mpira. "Fundi, shikamoo. Nimeweka kadi ya grafiki kubwa lakini magemu yamekuwa mazito kuliko mwanzo." Nikafungua ubavu wa kasha, nikapuliza vumbi (Dodoma hii ukifungua kompyuta bila kupuliza kwanza, hujafungua kitu), nikakuta GeForce GT 730 ya GB 4.

"Mwanzo ulikuwa na kadi gani?"

"GTX 750 Ti, lakini ilikuwa GB 2 tu. Nilibadilishana na jamaa mmoja Dar, nikamwongezea elfu arobaini."

Yaani kalipa pesa ili ashushwe cheo. Na si wa kwanza. Ningekuwa naweka alama ukutani kila ninapoisikia hadithi hii, ukuta ungekuwa umejaa.

"Kadi yenye GB nyingi ndiyo kali." Hapana. GB (gigabaiti) ni ukubwa wa memori ya kadi, yaani ghala. Kazi inafanywa na chipu, na chipu inategemea data inaifikia kwa kasi gani. Mtu wa Dodoma hili hapaswi kuelezwa mara mbili, maana simtanki anazo. Simtanki la lita elfu tano lenye bomba jembamba kama kalamu halikujazii ndoo haraka kuliko la lita elfu mbili lenye bomba la inchi mbili.

Sasa pima mabomba yenyewe. GT 730 ya kijana ina memori ya DDR3, aina ya polepole, inayopita kwenye njia ya biti 64. Kasi yake ni gigabaiti 14.4 kwa sekunde. GTX 750 Ti aliyoitoa ina GDDR5, aina ya kasi zaidi, njia ya biti 128, gigabaiti 86.4 kwa sekunde. Hiyo ni mara sita kamili. Chipu nazo hazilingani: 384 kwa 640 ukihesabu koa (vitengo vidogo vya kukokotoa ndani ya chipu), na hizo 640 ni za Maxwell, uzao wa chipu ulioifuata Kepler iliyo ndani ya 730 hiyo.

Ukitaka kucheka zaidi, rudi mwaka 2006. GeForce 8800 GTX ilitoka Novemba mwaka huo ikiwa na megabaiti 768 tu, haifiki hata GB moja. Kasi ya memori yake? Gigabaiti 86.4 kwa sekunde. Kadi ya 2006 inaipiga mara sita, kwa kipimo hicho, kadi iliyotoka 2014 yenye GB 4 kwenye boksi. Umeme inakula kama pasi, siipendekezi kwa mtu yeyote, ila hesabu ndiyo hiyo.

Nilichukua kalamu nikamwandikia kijana nyuma ya risiti. Gemu likienda fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde, gawa 14.4 kwa 60: unapata gigabaiti 0.24. Maana yake katika fremu moja kadi yake haiwezi kusoma hata robo ya GB moja. Hizo GB nyingine tatu na zaidi zinamfanyia nini ndani ya fremu hiyo? Zimekaa. Kwa 750 Ti hesabu hiyohiyo inatoa 1.44, karibu robo tatu ya GB zake mbili. Akatazama risiti, akanyamaza.

Kwa nini basi watengenezaji wanaweka GB 4 kwenye kadi dhaifu? Kwa sababu DDR3 ni ya bei rahisi, na namba 4 inauza.

Sisemi ukubwa hauna maana kabisa. Data ya gemu ikizidi memori ya kadi, kadi inaanza kukopa RAM ya kompyuta kupitia sloti ilipochomekwa, na hapo picha inakatakata. GTX 1050 Ti ya 2016 ina GB 4 na inazitumia, kwa sababu bomba lake ni gigabaiti 112 kwa sekunde. Uliza bomba kwanza, ghala baadaye.

Kuna na ujanja wa kumwonyesha mteja dxdiag, programu ya Windows inayoonyesha taarifa za kompyuta. Muuzaji anafungua ukurasa wa skrini, anaonyesha kwa kidole jumla ya memori, "unaona bosi, GB 6 hizi." Ile jumla imechanganya memori ya kadi na RAM ambayo Windows iko tayari kuiazima. Tazama mstari wa memori ya kadi yenyewe. Bora zaidi, njoo na GPU-Z kwenye flashi, ni programu ndogo ya bure, usome vitu vitatu: aina ya memori, upana wa njia kwa biti, na kasi kwa sekunde. Muuzaji akikukataza kuichomeka, umeshapata jibu.

"Jina moja, kadi moja." GT 730 ziko za aina tatu: ya koa 96 yenye DDR3 ya biti 128, ya koa 384 yenye DDR3 ya biti 64, na ya koa 384 yenye GDDR5 inayofika gigabaiti 40 kwa sekunde. Zote kwenye boksi ni GT 730. GT 1030 nayo ni hivyohivyo: ya GDDR5 inafika 48, ya DDR4 iliyokuja baadaye 16.8. Ukinunua 1030 ya DDR4 usije kwangu kulalamika.

"Namba kubwa ndiyo mpya, na mpya ndiyo bora." Namba ya kwanza ni mfululizo wa toleo, si lazima uzao wa chipu; zinazofuata ni cheo. GTX 650 ya 2012 ina koa 384 za Kepler, sawa na 730 ya kijana, lakini memori yake inafika gigabaiti 80.

"Hesabu koa tu." Ndani ya uzao mmoja, sawa. GTX 580 ina koa 512, GTX 680 ina 1536, na haiwi na kasi mara tatu, kwa sababu koa za 580 zilizungushwa kwa mwendo mara mbili ya chipu yenyewe.

"Draiva mpya itaifufua." Kadi za Kepler zilikomea draiva (programu inayoiendesha kadi) za 470, mwaka 2021. Wanafunzi wa akili bandia, CUDA 12, programu ya NVIDIA ya kufanyia hesabu kwenye kadi, haizitambui kabisa.

"Kompyuta inachelewa kuwaka, niwekee kadi." Weka SSD, diski ya kasi. Mchora ramani mmoja wa Ilazo nilimkatalia kumuuzia kadi kwa ajili ya AutoCAD ya michoro bapa. Kazi hiyo inabebwa zaidi na prosesa. Alikasirika, akaenda kununua kwingine.

"Pawa saplai yoyote inatosha." Sloti inatoa wati 75 mwisho. 750 Ti inataka 60, ndiyo maana nyingi hazina waya wa ziada na naziweka kwenye dekstopu za mtumba bila presha. Kama kasha lako ni lile jembamba, pima kwanza kimo cha kadi.

GT 730 ya kijana niliinunua mimi, kwa bei ya huruma. Iko kwenye kompyuta ya duka jirani, inaonyesha kamera nne za ulinzi, na kwa kazi hiyo haijawahi kulalamika. Yeye bado anatafuta 750 Ti. Ya GB 2.